Mahindi Yaliyopimwa kwa Meno

Juzi, kwenye ghala la kijiji huko Mabawe, nilimwona mama mmoja akitua debe lake la mahindi mbele ya wakaguzi wawili waliopokea chakula cha askari walio vitani. Wa kwanza, kijana, alitia punje moja kati ya magego, ikalia ka! "Makavu, mama. Mwaga humo ghalani." Mwenzake, mtu mzima aliyebakiwa na meno ya mbele tu, akaimung'unya ya kwake, isilie, akatikisa kichwa. "Mabichi haya, ndugu yangu. Yataozesha ghala zima."

Wakaanza kubishana. Mama akawa anawatazama midomo.

"Wanangu, haya si ndiyo yanayokwenda kwa askari wetu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nayarudisha juani. Mwanangu yuko huko vitani. Mkipatana, mtaniita."

Akajitwisha debe lake, akaondoka.

Mizani ya ghala lile ina muhuri wa serikali, na kilo ya Mabawe ndiyo kilo ya Biharamulo. Lakini ukavu tumeuachia meno, na kila mtu ana yake. Siku ile niliona kipimo kimoja tu cha kuaminika: mama aliyeyapima mahindi yake kwa mdomo wa mwanawe.