Ajansi Yetu ya Picha Yenye Ilikosa Machozi

Siku ya kwanza ku kazi, Shefu wa ajansi aliniuliza nilijifunza picha wapi. Nikamujibu: ku studio ya mutaa wa Bigo, picha za ndoa na za kumaliza masomo. Akashika kichwa. Lakini wapiga picha wengine wote walikuwa wamekimbia vita, wameenda Beni, njo akanipa aparei ya kupiga picha.

Mwanzoni kazi ilienda muzuri. Magazeti ya Ulaya yalinunua picha zetu za nyumba zenye kuungua, maana nyumba haiwezi kujichana. Shefu akanunua jenereta na kravati, ile tai ya shingo. Kisha magazeti yakaomba watu.

Siye wa studio tulikuwa na sheria: mutu hapigwi picha mbele ya kunawa uso na kusimama sawa. Watu wa Djugu waliijua kuliko miye. Kule kambi ya Komanda, wakimbizi wa kwao waliponiona tu, wamama wakatafuta kitana, na koti moja ya maana ikazunguka kwa wanaume wote. Nikarudi, tukaosha pelikile, ule utepe wenye kubeba picha, mu chumba ya giza. Shefu akatazama.

"Hii ni vita ao ni ndoa?"

"Ni vita, Shefu."

"Na huyu anacheka nini?"

"Nilimuambia acheke."

Akavua kravati. "Niletee mutu mumoja mwenye kulia. Ukikosa, tunafunga hii ajansi, na weye unarudi kwa maharusi yako."

Nikaenda kambini na woga, nilikuwa na watoto wa kulisha. Nikamukuta mama mumoja wa Kpandroma, nyumba yake iliungua wiki ile, analia kabisa. Nikainua aparei. Akaniona.

"Papa, ngoja kwanza."

Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Nikangoja. Akapangusa macho, akafunga kitambaa vizuri, akawapanga watoto wake kufuata urefu, akawaambia wacheke. "Sasa piga."

Shefu alipoona ile picha, hakunigombeza hata. Alizima jenereta, akafunga mulango. Waandishi wa Ulaya wakaja na aparei zao zisizo na pelikile, hakuna mutu alituuliza tena. Ile picha nilimupa mama.

Nyinyi vijana munapiga na telefone mbele ya mutu kugeuka. Sawa, ni wakati wenu. Miye nimepumzika, ninatembelea watu. Juzi nilifika kwa yule mama, picha iko ku ukuta. Watoto wake wako wazazi sasa. Mumoja akaniuliza: "Muzee, ile siku ilikuwa sikukuu gani?"

Mama akanitazama.

"Noeli," nikamujibu.