Nyuzi Mpya za Besi

Uweso wa Makorora alikuwa kuli bandarini, mtu wa kubeba marobota ya katani, lakini mjini Tanga alijulikana kwa besi. Si gitaa la kupakata. Ni ile ya kusimamishwa, inayomzidi mpigaji kimo. Klabu yao ya taarabu iliipata kwa Mgoa mmoja aliyekuwa akirejea kwao, na hapana mwingine aliyeigusa ila Uweso.

Mwaka ule, 1956, nyuzi za besi hiyo, zilizosokotwa kwa utumbo wa mnyama, zilianza kuchanika. Hatim, mwenye duka la santuri, akamwagizia za chuma kutoka Mombasa. Zikafika asubuhi ya harusi moja ya mtaa wa Nguvumali, ambako klabu ilialikwa kupiga jioni.

"Badili mmoja mmoja," Hatim alimwonya. "Usizilegeze zote, Uweso."

Alisikia, ila haraka ilimshika. Alilaza besi mkekani, akazilegeza zote kwa mpigo mmoja. Daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi, likaanguka. Kisha ndani ya tumbo la besi kitu kikadondoka, ko, kikabiringika.

Mkewe Mwamvua akatoka jikoni. "Nini hicho?"

"Kijiti cha ndani. Ndicho kinachoshikilia uso wa besi."

"Si ukirudishe?"

Vidole vya Uweso havikupita kwenye tundu la uso wa besi. Mwamvua akapenyeza vyake vyembamba, navyo havikufika. Wakajaribu waya. Kijiti kilisimama, kikaanguka. Adhuhuri ikaadhiniwa, kikaanguka tena.

Mwishowe Uweso akasimamisha daraja bila kijiti, akafunga nyuzi za chuma, akazikaza. Zilikaa juu mno, zikimkata vidole. Akazilegeza, akalichonga daraja zishuke, akaanza kuzikaza upya. Alipokaza uzi wa mwisho, uso wa besi ukaanza kubonyea mbele ya macho yake. Mkono ungali kwenye kigingi, asijue alegeze au aache. Ubao ukapasuka.

Mwamvua alimletea kanzu. "Wenzio wanakungoja."

"Niende nikafanye nini?"

"Sijui, mume wangu."

Alikwenda. Zubeiri, kiongozi wa klabu, alimwona mikono mitupu, akamwonyesha mahali pake nyuma ya wapiga fidla. "Kaa."

Wakapiga bila besi. Vigelegele vikapanda, watu wakafurahi. Uweso alingoja mtu aulize ile sauti nene imekwenda wapi. Hakuuliza mtu. Vidole vyake vya kushoto vikawa vinabana hewa, wimbo baada ya wimbo, na hakuweza kuvizuia.

Mwaka uliofuata klabu ilipata besi nyingine, na mpigaji mwingine.