Mama Nusu Saa na Sufuria Moja Chafu

Saa kumi na moja jioni Mama Nusu Saa anaingia kwa mlango wa jikoni. Anavua viatu vya barabarani, anavaa kandambili alizokuja nazo kwenye mfuko, kisha anaegemea ukuta karibu na jokofu na kufumba macho. Anapumzika hivyo hivyo akiwa wima, kama mtu anayesubiri lifti ya hospitali.

"Nikikaa sitainuka," anasema, macho bado yamefumbwa. "Hii miguu naijua. Ukiionyesha kiti tu, imekwisha."

Akifumbua macho, uchovu unabaki usoni lakini mikono inakuwa ya mtu mwingine. Kikaango kinatangulia motoni, kikavu. Wakati kinapata moto, vidari vya kuku vinafutwa kwa kitambaa safi upande huu na ule, maana kuku mwenye maji, anasema, hakaangiki. Anachemka tu na kuwa mweupe kama mgonjwa. Viazi navyo tayari vinachemka kwenye sufuria. Karoti zinakatwa mshazari, nyembamba, ziive upesi na zipendeze.

Kuku akishageuzwa, siagi inaingia pamoja na kitunguu saumu kilichopondwa. Mama Nusu Saa anainamisha kikaango, anachota siagi ile kwa kijiko na kuimwagia nyama, tena na tena. Harufu inafika chumbani anakovalia mwenye nyumba, kwani sauti inasikika kutoka huko: "Jamani Mama Nusu, utaniua!"

"Wewe vaa, mama. Mimi nimo humu."

Kuku anaondolewa motoni na kuachwa atulie kabla ya kukatwa. "Hata kuku anapewa muda wa kupumzika," anasema, wala hacheki.

Kisha anapanga sahani moja tu, ya mfano. Viazi vilivyopondwa vinaburutwa kwa mgongo wa kijiko, vipande vya kuku vinaegemezwa juu yake, karoti chache zinalazwa pembeni, na ukingo wa sahani unafutwa kwa kitambaa chenye siki. Mwenye nyumba anakuja na hereni moja sikioni, anapiga picha ya sahani ile kwa simu. Wageni wakishaketi, ataiiga. Chakula kingine kinasubiri kwenye oveni, na wageni wataambiwa kwamba amekipika yeye, alipotoka kazini, haraka haraka tu.

Mama Nusu Saa hana neno juu ya hilo. Ndiyo kazi yenyewe. Anaosha vyombo, anafuta jiko, anakausha ubao wa kukatia. Lakini sufuria ya viazi haigusi. Anaiacha kwenye sinki na ukoko wake, na kijiko ndani.

"Hiyo ni ya kwake," anaeleza. "Mgeni akiingia jikoni akute kuna kitu kimechafuka. Jiko likiwa safi kabisa, atajua hapa hapakupikwa, au amepika mtu wa kulipwa."

Somo hilo alilipata kwa uchungu. Zamani kidogo, katika nyumba ya mteja wake wa kwanza, aliosha kila kitu mpaka mwiko. Mume wa mteja akaja na dada zake, wakaingia jikoni kunywa maji, wakatazama huku na huku. Dada mmoja akauliza, "Wifi, ulipikia hewani?" Tangu jioni ile mteja yule hakumpigia simu tena. Sasa kila nyumba anaacha sufuria moja chafu, na wateja wake wote wanajua maana yake bila kuambiwa.

Alikubali kuzungumza na gazeti hili kwa sharti moja. "Andika yote, ila usinitajie mtu. Wateja wangu wana wakwe. Mimi niite hilo hilo la Nusu Saa, walilonipa kwa upesi wangu, nimeshalizoea."

Upishi huu hakuusomea popote. Kwa miaka mingi alikuwa mkata mboga katika hoteli kubwa, mtu wa mwisho kabisa jikoni, amesimama kati ya ndoo ya vitunguu na mlango wa taka. Kutoka hapo alikuwa akiwatazama wapishi. Aliona kwamba hawakimbii. Aliona kwamba kazi karibu yote wameimaliza kabla moto haujawashwa, kila kitu kimekatwa na kuwekwa kwenye bakuli lake, na mteja anapoita ni kuunganisha tu.

"Watu wanadhani upesi ni kukimbia," anasema. "Ukikimbia jikoni utakatika kidole. Upesi ni kujua mkono unaofuata unakwenda wapi."

Hoteli ilifungwa. Wapishi wakapata kazi kwingine, mkata mboga akapewa mkono wa kwaheri. Akaanza kuzunguka kwenye nyumba za watu wanaorudi nyumbani wamechoka hoi na bado wanataka wageni wao wale kwa macho kwanza. Siku nyingine anapika nyumba mbili, moja baada ya nyingine. Malipo yanatosha kuendesha nyumba yake, hayatoshi kukataa simu.

Nyumbani kwake anayepika ni mumewe, fundi cherehani mwenye subira na vyakula vitatu anavyovijua. Vyote vinafanana. "Mke wangu anapikia mji mzima," anatania, uzi mdomoni. "Mimi nampikia yeye. Sijawahi kusifiwa, lakini hajawahi kubakisha."

Mkewe anavimaliza kweli, mara nyingi akiwa amesimama, sahani mkononi, mgongo ukutani. Kukaa mezani kumemtoka.

Jambo linalomkosesha usingizi siku hizi lilitokea mezani kwake mwenyewe, Jumapili moja.

Binti yao wa pekee, muuza dawa kwenye duka la dawa, amepata mchumba, na wazazi wa kijana walitaka kuja kufahamiana. Mama Nusu Saa akazima simu siku hiyo, wateja wakanuna. Akanunua sahani zinazofanana. Alitaka kupika mara moja tu mahali ambapo angekuwepo kuona watu wakila.

Wageni walifika mapema. Baba ni dereva mstaafu asiye na maneno mengi. Mama anauza vitambaa sokoni, na ana sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja ng'ambo ya barabara. Waliketi, sahani zikaja, kila moja imepangwa kama picha. Muuza vitambaa akaonja kuku. Akaweka uma chini, akafuta mdomo.

"Ngoja kwanza. Nani kapika hiki?"

Mama Nusu Saa alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake na jagi la maji. Anasema mpaka leo hajui ilikuwaje.

"Nikasikia sauti yangu: 'Ni binti yako huyo.' Mdomo ulinitangulia. Kila siku nikiulizwa hilo swali, jibu langu ni mtu mwingine. Siku yangu ilipofika, sikuwa na jibu jingine."

Mumewe alikohoa ndani ya glasi. Binti akainamia sahani. Na muuza vitambaa akapiga makofi mawili ya furaha: "Basi kijana wangu amepata! Mkija kwetu, wewe mwanangu utatupikia kuku huyu huyu, ami zake waone!" Hata dereva mstaafu alifungua kinywa, akaomba kipande cha pili.

Baada ya chakula mgeni alichukua sahani kuzipeleka jikoni, apende asipende mwenyeji. Akakuta jiko linang'aa, kila kitu mahali pake, na kwenye sinki sufuria moja ya viazi na kijiko ndani. "Na hii mmemwachia nani?" akacheka. Binti akaikimbilia na kuanza kuisugua.

"Hata kwangu nilikuwa nimeiacha," anasema Mama Nusu Saa, na hapa sauti yake inashuka. "Nyumbani kwangu, mwandishi. Niliona haya, haya ya kweli."

Wiki iliyofuata ilikuwa ya kufundishana. Binti huyu anaweza kukusomea jina la dawa ambalo wewe huwezi hata kulitamka, lakini kikaango kikipiga cheche anaruka hadi sebuleni. Kuku wa kwanza alitoka mweusi nje na mbichi ndani. Kuku wa pili akawa mkavu kiasi kwamba baba, ambaye ndiye aliyekula wote wawili, aliomba maji na kusema kitambaa cha suruali kama hicho kingedumu.

Mama alikuwa na njia nyingine. Ndiyo pekee anayoijua.

"Nikamwambia, usihangaike. Siku hiyo nitatangulia, mama mkwe wako akiwa bado sokoni. Nitaingia kwa nyuma, nitapika, nitatoka kabla hao ami hawajafika. Wewe utapanga sahani tu, nitakuachia moja ya mfano."

Binti ndiye anayesimulia kilichofuata, akiwa kwenye benchi nje ya duka la dawa, wakati wa mapumziko yake ya mchana.

"Nilikasirika, sikufichi. Nikamuuliza, mama, yaani nyumba nitakayoolewa mimi, wewe uingie kwa mlango wa nyuma? Halafu utoke nisikuone? Akaniangalia kama vile mimi ndiye sielewi. Akasema, 'Si ni nusu saa tu?'"

Anakunja na kukunjua karatasi ya mkate.

"Halafu hasira zikaisha nikabaki na aibu. Kwa sababu na mimi nina langu. Nilipokutana na mchumba wangu nilimwambia mama bado yuko hotelini. Niliona hotelini panasikika vizuri. Kwa hiyo mimi nilimficha mama, na mama akajificha kwa ajili yangu. Sasa hapo nani wa kumkasirikia mwenzake?"

Jumatatu baada ya kazi alikwenda sokoni peke yake. Alimkuta muuza vitambaa anapima kitambaa cha mteja kwa mkono, akamsubiri amalize, akamwambia yote: hoteli iliyofungwa, nyumba za watu, kuku. Alikuwa amejiandaa kusemwa mbele ya soko zima. Ile sauti, anasema, ungeisikia mpaka kituo cha polisi.

Haikutoka. Muuza vitambaa alikaa juu ya kigoda chake, akakunja kitambaa kilichobaki mapajani.

"Kwa hiyo yeye ndiye aliyepika," akasema, "na kila nikitazama alikuwa amesimama, anatumwagia maji. Hata hakula. Ulimwona akila?"

Binti akafikiri. Hakumwona.

"Mwambie mama mwenzangu aje kwetu Jumapili. Nitapika mimi. Si mpishi sana, atanisamehe. Lakini aje kwa mlango wa mbele, na akinigusia hata kijiko tutagombana."

Sasa ni Jumatano, na Mama Nusu Saa yuko katika nyumba nyingine, jiko jingine, ukuta mwingine wa kuegemea. Leo ni samaki. Anamlaza kwenye kikaango upande wa ngozi, anamkandamiza kwa vidole ili asijikunje, kisha anamwacha. Kazi ikimwachia nafasi anageuza kiganja chake na kukitazama, makovu ya kisu na ya mafuta, kana kwamba ni cha mtu aliyekisahau hapo.

"Nikuulize kitu, usinicheke," anasema. "Mtu akiwa mgeni, mikono anaiweka wapi?"

Hatanii. Anahesabu upya kila kitu alichoambiwa asifanye: asiingie jikoni, asisimame, asitoe sahani. Anaogopa kwamba chakula kikichelewa atainuka bila kujijua. Anaogopa zaidi kwamba hakitachelewa, na watamtazama akila. Mumewe ameahidi kuketi karibu naye na kumvuta gauni akijisahau.

Kuhusu siku za mbele, anazungumza kidogo na bila mbwembwe. Kazi ataendelea nayo. Nani atalisha nyumba? Ila amewaza kuwaambia wateja wake kwamba Jumapili ni yake, na binti amemtaka afundishe, watu waje kwake kwa mlango wazi kujifunza kuku wa nusu saa na waende kumpika kwa mikono yao. Atajaribu, miguu ikimruhusu. Kwa sasa anataka jambo dogo tu: ale chakula cha moto ambacho hakukipika, akiwa amekaa, mpaka kiishe.

Samaki ameiva. Limau linakamuliwa, sahani ya mfano inapangwa, picha inapigwa. Mwenye nyumba, mwanamke mchangamfu aliyevaa kwa ajili ya wageni wake, anaitazama sahani na kutabasamu kama aliyeipika.

"Mama Nusu, na Jumapili uje. Nina watu wanane."

Mama Nusu Saa anaweka sufuria moja kwenye sinki, anatumbukiza kijiko ndani.

"Jumapili sipo, mama. Nimealikwa."

"Ah! Nani huyo ameniwahi? Unapika nyumba gani?"

"Sipiki," anasema, akiinama kuvaa viatu vyake vya barabarani, na inamchukua muda kuinuka. "Nakwenda kula."