Nilimwambia Mama Kigoma faranga itapanda tena, kumbe nilikuwa naogopa matope

Wakuu, salamu kutoka Bihambwe, huku milimani Masisi, upande wa Goma, ambako ukungu unaamka kabla ya watu.

Haya nitakayoandika yametokea kwangu na sijaongeza chumvi. Chumvi yenyewe bei imepanda, ya kuongeza ningeitoa wapi?

Ninaanza na upumbavu wangu mwenyewe, msije mkaugundua katikati mkanitukana vizuri zaidi: nilikula nauli ya jirani yangu.

Sikuiba. Sikuinywea pombe. Niliila nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Mnivumilie na Kiswahili changu pia. Ninyi wa Tanzania mtaona kina matope ya Masisi. Nimejitahidi kukifuta miguu kabla ya kukiingiza humu ndani.

Kwanza mnijue. Mimi ni mkulima wa maharage na mihogo, watu wananiita Papa Neema kwa sababu ya binti yangu. Nilisoma humanités, yaani sekondari, option commerciale, na diploma yangu iko ukutani karibu na kalenda ya parokia. Kalenda ndiyo inayotumika zaidi.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sipendi safari. Nina kiti nilichokitengeneza mwenyewe kwa mti wa eucalyptus, kiko mlangoni, na nikikaa pale naona shamba langu, ng'ombe za wengine na barabara yote. Sijawahi kuelewa kwa nini mtu anayeiona barabara vizuri hivyo aende tena kukanyaga ndani yake.

Sasa jirani.

Tunamwita Mama Kigoma. Alitoka huko Kigoma akiwa msichana, akaolewa na fundi seremala wa hapa Bihambwe. Mume alifariki, yeye akabaki. Anashona. Uniforme za watoto wa shule za huku karibu zote zimepita chini ya sindano yake, hata za Neema wangu.

Amezeeka kati yetu lakini bado anaongea kile Kiswahili chake kilichopigwa pasi. Akisema "tafadhali", bamama wa hapa wanacheka mpaka wanashika ukuta. Halafu wanampa anachotaka.

Mama yake mzazi bado yuko hai huko Kigoma. Ni mzee sana na macho yanamwisha. Siku moja baada ya Pasaka, Mama Kigoma alikuja akasimama mbele ya kiti changu na mfuko wa kitambaa mkononi.

"Baba Neema," akasema, "mama yangu anaona kivuli tu sasa. Nataka anione kabla hajabaki na kunisikia tu. Hizi ni faranga zangu zote. Wewe umesoma mambo ya biashara. Nibadilishie ziwe dola, niende."

Mtauliza, kwa nini asiende mwenyewe kubadilisha? Wakuu, barabara yetu ina vizuizi vya watu wanaotoza pesa. Mimi nikipita natoa kidogo. Yeye akifungua mdomo tu, wanasikia ile "tafadhali", wanajua ni mgeni, wanataka karatasi. Na karatasi za mgeni zinalipwa kwa dola, wakati yeye anashona kwa faranga.

Hapo ndipo shida yote ilipo, hebu nieleze kidogo.

Huku tuna pesa mbili. Faranga ni ya kula, dola ni ya kufikiria. Sabuni, mafuta, chumvi, vitambaa, vyote mwenye duka anavinunua Goma kwa dola. Faranga ikianguka, yeye anapandisha bei soko linalofuata, wala haombi ruhusa. Lakini mwalimu analipwa ileile. Na fundi wa nguo, ambaye ni mgeni na anaogopa watu waseme "huyu tulimpokea, sasa anatukamua", analipisha bei ya mwaka juzi.

Kisha mgeni ana shida ya pili ambayo mimi sikuwa nimeifikiria. Pesa anayomtumia mama yake inageuka dola, halafu inageuka shilingi. Kila ikigeuka inapungua. Anashona zaidi, kule Kigoma inafika kidogo zaidi. Mama yake alituma ujumbe wa sauti kwa simu ya jirani wa kule: "Mwanangu, siku hizi mkono wako umekuwa mzito. Nimekukosea nini?"

Mama Kigoma alinisikilizisha ile sauti. Alizima simu haraka, akajifanya anatafuta uzi.

Basi, mtu wa option commerciale akapokea mfuko. Nikaukohoa ule usomi wangu.

"Mama," nikasema, "usiharakishe. Taux ya dola imepanda sana, lazima ishuke. Faranga itasimama. Tungoje kidogo utapata dola nyingi zaidi."

Wakuu, mnaona nilivyoongea vizuri? Ukweli ni kwamba mvua ilikuwa imenyesha, barabara ya kwenda Masisi-centre ilikuwa matope hadi magotini, na mimi nilikuwa nimekaa vizuri.

Aliniamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alisema, "Wewe ndiye unayejua," akarudi kwenye mashine yake.

Wiki ile mvua. Wiki iliyofuata mbuzi wangu alikuwa anazaa, nikasema siwezi kumwacha peke yake, kana kwamba mimi ni mkunga. Baadaye kidole cha mguu kiliniuma. Kidole gani? Sikumbuki, na nadhani hata wakati ule sikukijua.

Mfuko ulikuwa chini ya kitanda. Hakuna panya aliyeugusa. Noti hazikupungua hata moja. Lakini pale chini zilikuwa zinayeyuka, na mimi nilikuwa nimelala juu yake.

Papa Bahati, jirani yangu wa upande wa ng'ombe, ndiye aliyenishtua. Alirudi sokoni na kipande cha sabuni, akakiinua mbele yangu, akililia makuta yake, yaani pesa.

"Papa Neema, angaria. Makuta ya sabuni muzima, njo wamenipatia nusu. Na weye uko ungali unachunga makuta ya ule mama?"

Nikasema faranga itasimama.

"Itasimama? Weye mwenyewe kwanza usimame!"

Nilisimama. Nilienda Masisi-centre kesho yake, matope na yote. Mwenye kubadilisha pesa alikuwa amekaa chini ya mwavuli wake, noti zimefungwa na mipira. Alihesabu zile faranga kwa kidole chenye mate, akanipa dola. Niliziangalia. Nikamwambia ahesabu tena. Akahesabu tena. Dola hazikuongezeka kwa kuhesabiwa.

Wakati wa Pasaka zingemfikisha Kigoma na kumrudisha, na kitenge cha mama juu. Sasa zilikuwa zinamfikisha Uvira. Uvira, wakuu! Amesimama kando ya ziwa, anaangalia upande ambao mama yake yuko, halafu basi.

Nilizirudisha nyumbani ndani ya Biblia, katikati ya Zaburi, zisijikunje. Ninyi mlio mbali huenda hamjui: huku noti ya faranga inaweza kuwa imechakaa kama kitambaa cha kushikia sufuria, imebandikwa gundi, na watu wanaipokea. Lakini dola ikiwa na mpasuko mdogo kama unywele, hakuna anayeitaka. Tunaibeba dola kama mtoto mchanga.

Nikaenda kwa Mama Kigoma. Nilikuwa nimepanga hotuba juu ya uchumi wa dunia. Nilipomwona ameshaweka sanduku lake mlangoni, limefutwa vumbi, hotuba ilikwisha.

Nilisema tu, "Mama, nilikudanganya. Sikujua faranga itafanya nini. Sikutaka kutoka."

Alipitisha mkono juu ya sanduku kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa. Kisha akasema polepole, "Baba Neema, ungeniambia tu kwamba umechoka. Ningekwenda mimi, wakanisumbua barabarani, ningefika."

Hakupaza sauti. Ningelipa mbuzi wangu wawili anipazie sauti.

Mke wangu ndiye aliyepaza. Mama Neema hakuongea sana, alifanya. Alikibeba kiti changu, kile cha eucalyptus, akavuka nacho ua, akakiweka kwenye kibaraza cha Mama Kigoma. Akasema, "Hiki ni cha wateja wake. Weye utakaa ukirudisha nauli."

Tangu hapo nimekuwa nikikaa juu ya gunia.

Lakini ni yeye huyohuyo aliyepata njia. Ilikuwa wakati maharage yametoka shambani, na rentrée, kufunguliwa kwa shule, inakaribia. Kila nyumba ilikuwa inahitaji uniforme. Hakuna nyumba iliyokuwa na makuta, ila kila nyumba ilikuwa na maharage.

Mama Neema alizunguka kwa bamama wa kwaya, mlango kwa mlango. "Mwaka huu fundi halipwi faranga. Analipwa maharage, kopo kwa kopo, shati na suruali."

Mama Kigoma aliposikia alitaka kukataa. "Watasema nawanyang'anya chakula."

Na kweli mama mmoja alifika amekunja uso. Alisimama mbele ya mashine. Akasema:

"Miye nina hasira na weye. Mwaka mbili unatushonea bure na hausemi kitu. Ulifikiri sisi njo batu gani?"

Akamwaga maharage kwenye gunia, akaongeza kopo lingine juu. "Hili ni la mama yako. Umwambie linatoka Bihambwe."

Mama Kigoma alijibu "asante sana, dada, tafadhali karibu tena", na kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka.

Sasa, maharage tumepata. Nani ayapeleke? Hapa Bihambwe wakati wa mavuno kila mtu anayo, bei iko chini. Inabidi kufika Kashebere, kule mpakani na Walikale, wanakonunua chakula cha wachimbaji wa madini. Kule dola zinatembea.

Wote waliniangalia. Nilitafuta kidole cha mguu kinachouma. Vyote vilikuwa vizima.

Nilipanda juu ya magunia kwenye lori. Sitaeleza barabara ile. Niseme tu kwamba pale Nyabiondo niliahidi Mungu mambo ambayo sijayatimiza, na dereva aliniuliza kama mimi ni pasta.

Kashebere, mama mmoja mnunuzi aliyapenda maharage. Akataka kunilipa faranga. Nikasema dola. Akatoa. Nikaziinua moja moja kwenye jua. Moja ilikuwa na mpasuko pembeni, nikamnyooshea aibadilishe.

"Eh, Papa," akasema, "unaangaria makuta kama daktari anaangaria mapafu. Ni ya bibi yako?"

Bibi, huku kwetu, ni mke. "Ni ya mama ya jirani," nikasema. "Anataka kuona mutoto wake, na macho inaisha."

Halafu akaingiza mkono ndani ya kitenge, akatoa noti nyingine mpya kabisa, imenyooka, akachukua ile yenye mpasuko. Nami nikaiweka ile mpya ndani ya Zaburi, pamoja na zile za kwanza, nauli ya kwenda na kurudi ikatimia.

Mama Kigoma aliondoka asubuhi, kwa moto, yaani pikipiki, hadi Sake, na lile kopo la maharage la mama yake ndani ya sanduku. Mashine yake aliifunika shuka, akaiacha kwetu. Alimwonyesha Neema jinsi ya kuipaka mafuta, lakini nilikuwa naangalia uso wake. Nilitaka kuuliza kama atarudi. Sikuwa na haki ya kuuliza.

Aliniambia, "Baba Neema, kiti chako nimekitunza. Usikichukue mpaka nirudi."

Hivyo ndivyo nilivyojua.

Juzi ujumbe wa sauti umefika. Kuna kelele ya kuku na watu nyuma. Anasema mama yake alimvuta mpaka karibu na dirisha, akamshika mashavu, akamgeuza huku na huku kwenye mwanga. Kisha inasikika sauti ya bibi mzee sana, mwenyewe: "Ni wewe. Umekonda. Na nani amekushonea gauni baya hivi?"

Alilishona mwenyewe. Tulicheka, Mama Neema akalia, akasema ni moshi.

Na lile kopo la maharage limepikwa. Mama Kigoma alimweleza mama yake kwamba mkono wake haukuwa mzito, ila pesa ndiyo ilikuwa nyepesi.

Wakuu, nilichojifunza: pesa inayoanguka haimngojei mtu aliyekaa, na inamwangukia kwanza yule aliye mbali na kwao. Kama una mgeni jirani anayelipwa pesa ya kwenu, usimpe utabiri. Muulize kule kwao anamtumia nani, na siku hizi inafika kiasi gani.

Ninyi mnaoishi ugenini, mnafanyaje? Mnatunza katika nini, mbuzi, maharage, shilingi, dola? Na mkichelewa kutuma, kule nyumbani mnasemaje? Niandikieni hapa chini. Matusi pia napokea, ila pangeni foleni nyuma ya mke wangu.

Ningeandika zaidi, lakini Papa Bahati amesimama hapa karibu na gunia langu, amesoma yote juu ya bega langu, na anasema:

"Papa Neema, unafundisha dunia muzima, na bibi yako alikutuma chumvi tangu asubui. Simama! Faranga iko inakufia mu mufuko."