Manjano Nzito ya Sebule ya Lugulu

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kupaka rangi, hapa Kitale, sikushika brashi. Msimamizi alinipa msasa, ile karatasi yenye chenga ya kusugulia ukuta, akanionyesha chumba kizima.

"Nafula, rangi haikai juu ya uchafu," akasema. "Sugua mpaka kiganja chako kisisikie kitu."

Jioni nywele zangu zilikuwa nyeupe kwa vumbi, na wanaume wa kikosi wakacheka ati nimezeeka kwa siku moja. Kesho yake nilirudi, tena mapema kuliko wao.

Nilisugua kuta nyingi kabla ya kupewa rola, kisha brashi ndogo ya kona. Huo ndio mtihani wa fundi: kuvuta mstari ulionyooka pale ukuta unapokutana na dari, bila kuchafua juu. Tulipaka nyumba za wafanyakazi Mabanga, tukapaka maduka Malakisi, na karibu kila mahali rangi ilikuwa krimu. Mkandarasi wetu aliipenda krimu kwa sababu haikuwahi kumgombanisha na mtu.

Ndipo nikatumwa Lugulu, kwa mara ya kwanza nikiwa kiongozi wa kazi. Mwenye nyumba alikuwa mama aliyeitwa Sista, muuguzi mstaafu na mjane. Tangu mumewe afariki alikuwa akipokea wageni jikoni. Sebule ilibaki imefungwa, kuta zake za buluu zimefifia. Alichukua yai la kuku wake akalipasulia kwenye bakuli.

"Nataka hii," akasema, akionyesha kiini. "Si ile ya yai la dukani. Hii nzito."

Manjano ni rangi ngumu, vijana wangu. Haifuniki kama krimu. Kilicho chini yake huchungulia. Tulitanguliza andakoti nyeupe, yaani mpako wa kwanza wa kuziba rangi ya zamani. Hata hivyo, manjano ilipokauka, buluu ilikuwa imepenya, na ukuta ukawa na mabaka ya kijani. Mkandarasi alifika mchana huo, akasimama mlangoni.

"Ni nini hii, bana? Si hii ni nyumba ya mtu? Funika na krimu tumalize."

Sista aliziangalia kuta. Akageuka kurudi jikoni polepole. Kule kurudi kwake jikoni kuliniuma kuliko maneno ya Mkandarasi.

"Niachie siku mbili," nikamwambia Mkandarasi.

"Na ikikataa?"

"Nitarudi kusugua kuta."

Alinionyesha vidole viwili, akaondoka. Niliziba upya, safari hii andakoti nikiitia manjano kidogo ili ukuta uanze kupata joto. Kisha nikadondosha rangi nyekundu ndani ya ile manjano, tone kwa tone, nikiijaribu kwenye kipande cha mbao na kungoja kikauke, maana rangi mbichi hudanganya. Mpako wa mwisho niliupaka mwenyewe, ukuta baada ya ukuta. Jua lilipoingia dirishani, chumba kizima kiliwaka.

Nilimwita Sista. Alitembea kando ya kuta, kisha akaketi kwenye kochi hata kabla hatujaondoa turubai.

"Maisha yangu yote ya kazi nilitazama kuta nyeupe za wodi," akasema. Akafuta macho. "Fungua madirisha yote, mwanangu. Wageni wangu sasa watakuja hapa."

Mkandarasi alipokuja alikagua kona zangu moja moja. "Hii umechanganya na nini?" akauliza. Kabla ya juma kwisha alikuwa amemleta mfanyabiashara wa Bungoma kuiona. Watu wakaanza kuagiza "ile ya Sista", na Msimamizi alipostaafu, nafasi yake nilipewa mimi.

Sasa mabega yamechoka na nimestaafu. Nawaona ninyi vijana mkichagua rangi kwenye simu. Si vibaya. Lakini pakeni kwanza kipande cha ukuta, mkitazame asubuhi, mkitazame tena taa ikiwashwa.

Juzi mchungaji mgeni alitutembelea. Ilikuwa baridi ile ya Kitale ya kuumiza vidole, lakini alivua koti bila kuambiwa, akawa anazungusha macho kwenye kuta za sebule yetu, za manjano ile ile.

"Mzee," akamwuliza mume wangu, "fundi wako ni nani? Nataka nyumba yangu iwe hivi."

Mume wangu alinyoosha kidevu upande wangu.

"Si ndiye huyo anakumiminia chai."