Kinubi cha Naima Wakati wa Eda

Mwanangu Naima alipofiwa na mume, nilihamia kwake Kilwa Masoko nikae naye eda. Miezi minne na siku kumi hatoki, na nyuma ya ukuta yupo mama mkwe wake, Bi Saida, anayesikia hata sufuria ikifunikwa.

Naima ana kinubi alichokiunda mwenyewe, na kabla ya msiba alikuwa akijirekodi kwa simu. Wiki ya tano uvumilivu ulimwisha. Alibandika kipaza sauti kidogo kwenye ubao wa kinubi, akakiunganisha na amplifaya na hedifoni. Akawa anagusa nyuzi kwa ncha za vidole. Chumbani husikii kitu, lakini masikioni mwake sauti inajaa.

Nikawa nalinda mlango kila alasiri, roho juu. Wakwe wakijua, watasema anafurahia kifo cha mumewe.

Siku moja akanivisha hedifoni. "Sikiliza mama, nimerekodi jana."

Ulikuwa wimbo niliombembelezea utotoni. Niliufuata mpaka mwisho. Nilipovua, Naima alikuwa amejiziba mdomo.

"Mama, umeimba."

"Nimeimba?"

"Kwa sauti."

Tukasikia kandambili uani.

"Mkwe mwenzangu," Bi Saida akaniita, "leo kuna ngoma gani humo?"

Nikatoka haraka. "Ni mimi nimeimba, mkwe wangu."

"Basi nitakaa nawe, usiimbe peke yako."

Akavuta kigoda, akaketi mlangoni akisuka ukili wake wa mkeka. Tangu hapo huja kila alasiri, na kinubi kiko chini ya kitanda.