Baba Aliyetangazwa Kupotea

Jumapili waliyonitangaza kanisani Bunda kwamba nimepotea, mimi nilikuwa juu ya paa naezeka nyumba katika kijiji kipya. Sikuwa nimepotea hata kidogo. Serikali ndiyo iliyonitoa kwenye mji wangu wa zamani, upande wa Mugeta, ikanionyesha kiwanja kwenye mstari pamoja na wenzangu, ikasema jenga hapa. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amekataza mtu kusafiri kabla nyumba hazijaisha, maana mvua zilikuwa karibu.

Aliyeniletea habari ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu, aliyekuwa akikaa Nyasura. Alifika kesho yake mchana, mtoto wake mgongoni, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Akasimama chini akaniangalia.

"Shemeji, uko hai?"

"Si unaniona?"

"Jana kanisani wamesema hujulikani uliko. Wanatafuta ndugu wa yule binti wa Musoma. Kuna wazungu wanataka kumchukua, waende naye kwao moja kwa moja. Shuka."

Nikashuka.

Binti mwenyewe alikuwa mwanangu. Mke wangu alijifungua mapacha nyumbani, wa kiume na wa kike, damu ikakataa kukoma, akafariki tukiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe kabla hatujafika Bunda. Matanga yalipokwisha, wazee wakauliza watoto watakunywa nini. Shemeji naye alikuwa ananyonyesha mtoto wake mchanga. Alisema mbele ya watu wote, bila kuzunguka: "Ziwa moja la mwanangu. La pili nampa mmoja wa dada. Wa tatu sina pa kumweka."

Akamchukua wa kiume kwa sababu ndiye alikuwa dhaifu. Wa kike alikuwa na nguvu, analia mpaka majirani wanasikia, na alishajua kunywa kwa kijiko. Huyo nilimpeleka kwa masista, nje kidogo ya Musoma, waliokuwa wakilea watoto waliofiwa na mama zao. Lilikuwa jambo la kawaida siku hizo. Mtoto anakaa huko mpaka aweze kula ugali, kisha anarudi kwao. Sista mkubwa aliniambia mlangoni, "Huyu ni wako, baba. Sisi tunamlea tu." Nikaondoka nikiwa nimeridhika. Nilikuwa naenda kumwona kila shamba la pamba liliponipa nafasi, nikiwa na mayai au kuku, mpaka kulipoingia habari ya kuhama, ikanizuia kwa miezi mingi.

Mwenyekiti alitukuta tukitoka kijijini. "Ndugu, unakwenda wapi? Nyumba yako haina paa."

"Paa litangoja," nikamwambia. "Mtoto hangoji."

Alinitazama, akamtazama shemeji na yule wa mgongoni, akatupisha.

Musoma tulifika kesho yake. Sista mkubwa aliponiona alikaa chini kwenye benchi la barazani, mkono kifuani. Akanieleza, na sikuwa na sababu ya kutomwamini. Walimtuma mtu Mugeta. Akakuta kuta bila paa na mbuzi wamelala ndani. Majirani wangeulizwa, lakini majirani nao walikuwa wamehamishwa. "Tulifikiri umefariki, au umemwacha," akasema. "Tusamehe."

"Nimekuja," nikasema. "Yuko wapi?"

Aliletwa na mama mmoja wa kizungu, wameshikana mikono. Alikuwa anatembea! Amevaa viatu, nywele zimechanwa vizuri, ana paji la uso la mama yake lilelile. Nilichuchumaa nikamwita jina tulilompa, jina la bibi yake. Akajificha nyuma ya gauni la yule mama, akachungulia, akauliza kwa Kiswahili safi: "Mama, huyu nani?"

Nimezika mke, nimezika wazazi, nimewahi kupoteza ng'ombe wote kwa wezi. Swali lile lilinipiga mahali ambapo hayo mengine hayakufika. Lakini sikuondoka pale nilipochuchumaa. Nilimjibu, "Mimi ni baba yako," nikamwacha aendelee kuchungulia.

Wale wazungu hawakuwa watu wabaya, na nataka hilo lieleweke. Mume alikuwa mtaalamu wa kuchimba visima, mke hakujaliwa mtoto. Alianza kwa kuja kwa masista Jumapili kuwabeba watoto, mwisho akawa anakuja kila siku kwa ajili ya mmoja. Binti yangu alipougua surua, yeye ndiye aliyekaa naye mpaka akapona. Waliambiwa mtoto hana mtu, wakafuata njia iliyowekwa, hawakumwiba.

Tukaitwa ofisi ya ustawi wa jamii. Ofisa alikuwa kijana wa kileo, mwenye haraka. Wazungu wawili upande mmoja, mimi na shemeji upande mwingine, watoto wako nje na sista.

"Mzee," akaanza, "kesi ya kuasili itakwenda kwa jaji Mwanza. Bila ridhaa yako haiendi. Lakini fikiria vizuri. Huko atasoma, atatibiwa, hatalala njaa. Wewe una nini?"

"Nina maswali," nikasema.

"Uliza."

"Nikikubali, mtoto anabaki kuwa wangu?"

"Hapana. Kisheria anakuwa wa hawa, kama vile wamemzaa wao."

"Nikitaka kumwona?"

"Wakipenda wao."

"Nikibadili mawazo mwakani?"

"Imekwisha, mzee. Haivunjwi."

Nikamwonyesha shemeji. "Huyu ana mwanangu wa kiume. Amemnyonyesha, anamlisha, mtoto anamwita mama. Nikifika kwake napewa kiti na mtoto ananikalia mapajani. Hakuna aliyeniambia mimi si baba tena. Mbona kwa huyu wa kike lazima nife kwanza ndipo apate chakula?"

"Ile ni mila," ofisa akasema. "Hii ni sheria."

"Nimeelewa. Basi sheria inaniomba kitu ambacho mila haijawahi kuniomba, na mimi sitakitoa."

Shemeji akamwambia ofisa, kwa upole kabisa, "Mwanangu, na wewe kwenu watoto hawalelewi na ndugu? Mtu akikulea hafutagi waliokuzaa."

Yule mama wa kizungu alikuwa analia bila sauti. Nikamgeukia yeye, si ofisa. "Mama, ulimuuguza mwanangu mimi nikiwa mbali. Sitasahau. Kama mngekuwa mnakaa hapa Musoma, ningekwambia mlee, akuite mama, nami nije na kuku wangu. Tungekuwa ndugu."

Mumewe akajibu, "Kazi yetu inakwisha. Lazima tuondoke."

"Ndiyo maana siwezi."

Ofisa akaanza tena habari ya shule na viatu. Mama yule akamkatiza. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunza, lakini kilitosha. "Acha," akasema. "Kama ningekuwa mimi ndiye baba yake, mimi pia ningekataa." Akasimama akatoka nje kwa mtoto. Mumewe alibaki kidogo, akanipa mkono, akamfuata. Maombi yao yakaishia hapo, Mwanza hatukufika.

Ningeweza kumbeba binti siku ileile. Haki ilikuwa yangu. Lakini nilifikiri jinsi atakavyolia akitolewa mikononi mwa yule mama na kupewa mwanamume asiyemjua, nikaona haki isiwe sababu ya kumvunja. Nikamwomba yule mama amlete mwenyewe Nyasura, akae naye kwa shemeji mpaka mtoto azoee.

Wakaja na gari lao, godoro dogo nyuma. Shemeji aliwapikia sato kwa ugali, na mgeni akala kwa mkono mpaka kichwa cha samaki. Mapacha waliwekwa pamoja kwenye mkeka. Yule wa kiume, aliyekuwa peku, alimtazama dada yake kwa muda, halafu akamvua kiatu kimoja akajaribu kukivaa. Dada akampiga kofi. Akalia, dada naye akalia kwa kumwona analia, na sisi wakubwa tukacheka, hata mzungu wa visima aliyekuwa hajatabasamu tangu Musoma.

Mama yule alilala Nyasura karibu wiki nzima. Mara anamwogesha yeye, mara shemeji, mara mimi, nami nikayamwaga maji yote chini watu wakinicheka. Asubuhi aliyoondoka hakutoroka. Alichuchumaa akamwambia mtoto kwamba anasafiri mbali, na kwamba baba yake yupo. Kisha akapanda gari.

Miezi ile ilikuwa migumu, sifichi. Binti alikataa ugali, anataka mkate. Kila gari likipita alikimbilia barabarani. Akiuliza mama yuko wapi, shemeji hakumdanganya. "Mama mmoja amefariki, mmoja amesafiri, mmoja niko hapa. Kula." Akala, siku moja, na kesho yake tena. Mimi nilimaliza paa, nikalima, kila Jumamosi nikawa natembea hadi Nyasura na maziwa. Nyumba yangu ilipokuwa tayari, shemeji alinikabidhi wote wawili, akisema hadharani kwamba kwake wasije kubisha hodi kama wageni, waingie tu. Na hivyo ndivyo walivyofanya miaka yote.

Binti alipokuwa darasa la saba, tumetoka kuvuna pamba, mikono imechanika, aliniuliza kwa hasira kwa nini nilimzuia. Watu walikuwa wamemwambia kwamba angekuwa Ulaya. "Ningekuwaga na kila kitu, baba."

"Ungekuwa navyo," nikamwambia. "Kuhusu vitu ofisa alisema kweli. Lakini walitaka niseme wewe si wangu, na huo ungekuwa uongo. Ukikua, nenda popote. Hutahitaji mtu yeyote akatae kuwa baba yako ndipo upite."

Alijibu kwa njia yake miaka mingi baadaye, akiwa bibi shamba, anazunguka vijiji vya Butiama hadi Buhemba kwa baiskeli kuwafundisha watu kupulizia pamba dawa. Nilimsikia akimwambia mkulima mmoja mkaidi, aliyekuwa akimbembeleza amruhusu kuzidisha kipimo cha dawa, "Mimi ni binti wa fulani," akitaja jina langu na la kijiji chetu, "na sisi tukisema hapana huwa hatubembelezwi." Kisha akamwomba yule mzee amwonyeshe mistari yake ya pamba, na mzee akatangulia.